Li Shizhen, mganga wa China aliyetumia miaka 27 kusahihisha vitabu vya dawa

Mwaka wa 1593, katika mji mdogo wa Qizhou, kando ya mto Yangtze, mganga mmoja mwenye umri wa miaka 75 alifariki kabla ya kuona kazi ya maisha yake ikitoka. Mjini Nanjing, mamia ya kilometa kutoka nyumbani kwake, mafundi walikuwa bado wanachonga mbao za kuchapisha kitabu chake, ukurasa kwa ukurasa. Kitabu kilitoka miaka mitatu kisha kifo chake. Mzee huyo aliitwa Li Shizhen, na kitabu chake, Bencao Gangmu, ndicho kitabu cha dawa kilichojulikana kuliko vyote katika historia ya China.

Kwetu jina hilo si la kila siku. Watu wanaona vibao vya dawa za kichina mjini, wananunua mafuta ya kupaka mgongo, wanasikia habari za sindano zinazochomwa mwilini bila dawa ndani, lakini mawazo yaliyo nyuma ya vitu hivyo hayaelezwi mara nyingi. Na bado, kila mzazi wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia aliyewahi kumpa mtoto vidonge vya malaria vyenye artesunate ameshika mkononi tunda la mti ambao Li Shizhen alikuwa mmoja wa waliotunza mizizi yake. Tutafika huko. Tuanze na kijana aliyeshindwa mitihani.

Li Shizhen alizaliwa mwaka wa 1518, wakati China ilitawaliwa na ukoo wa Ming. Babu yake alikuwa mganga wa kutembea, wa aina ile iliyozunguka vijijini na kengele mkononi ili wagonjwa wajue kwamba amefika. Baba yake, Li Yanwen, alipanda ngazi kidogo: alikuwa mganga wa kuheshimiwa mjini, mtu wa vitabu, na yeye mwenyewe aliandika juu ya mimea ya dawa. Lakini heshima ya mganga ilikuwa na mpaka wake. Katika China ya wakati ule cheo kilipatikana kwa kushinda mitihani ya serikali na kuwa afisa wa mfalme. Mganga, hata akiwa hodari namna gani, alibaki kuwa fundi tu. Kwa hiyo baba alimtaka mtoto aache mizizi na majani, ashike vitabu vya wakubwa.

Akiwa na miaka 14 kijana alishinda mtihani wa kwanza, ule wa mkoa wake. Furaha ilijaa nyumbani. Kisha ilibaki hatua ya pili, mtihani wa jimbo uliofanyika Wuchang mara moja kila miaka mitatu. Alienda, akaanguka. Akaenda tena, akaanguka. Mara ya tatu pia. Familia zetu zinazosubiri matokeo ya mtihani wa serikali kila mwaka zinaweza kufikiri namna nyumba hiyo ilivyokuwa kimya.

Katikati ya miaka hiyo ya kuanguka, alipokuwa na miaka kama 20, karibu afe. Mafua na kikohozi ambavyo havikupona viligeuka homa kali. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba ngozi ilimwaka kama moto, kwamba kila siku alitema bakuli zima la makohozi, na kwamba hakuweza tena kula wala kulala. Alikunywa dawa za kila namna kwa zaidi ya mwezi, hali ikazidi kuwa mbaya, na watu wote wakaamini kwamba amekwisha. Ndipo baba yake akakumbuka mafundisho ya mganga mmoja wa zamani juu ya moto wa mapafu. Alichukua mmea mmoja tu, huangqin, mzizi wa rangi ya manjano wenye uchungu, akachemsha vikombe viwili vya maji mpaka kikabaki kimoja, akampa anywe chote kwa mara moja. Siku iliyofuata homa ilishuka. Kikohozi nacho kikaisha.

Kisa hiki kinafaa kuangaliwa kwa karibu, sababu ndani yake kuna karibu msingi wote wa uganga wa kichina. Baba hakujiuliza ni kijidudu gani kimeingia kwenye kifua cha mtoto. Wakati ule hakuna mtu duniani aliyejua habari za vijidudu. Alijiuliza ni usawa gani umevunjika.

Kwa waganga wa China mwili ni kama dunia ndogo. Ndani yake kuna nguvu mbili zinazopingana na kutegemeana, yin na yang. Maneno yenyewe ni ya zamani na ya kawaida: yin ni upande wa mlima wenye kivuli, yang ni upande unaopigwa na jua. Mlima ni mmoja, na jua likizunguka, kivuli nacho kinahama. Baridi, unyevu, usiku na utulivu viko upande wa yin. Joto, ukavu, mchana na mwendo viko upande wa yang. Mtu mzima wa afya ni yule ambaye pande hizo mbili zinabadilishana bila moja kuimeza nyingine. Ugonjwa ni pale upande mmoja unapozidi ao kupungua.

Kitu kinachozunguka mwilini na kuushika uhai wanakiita qi. Wengine wanatafsiri kuwa pumzi, wengine nguvu. Hakuna neno moja linalotosha. Qi hupita katika njia zake kutoka viungo vya ndani mpaka kwenye ngozi, na ni juu ya njia hizo wanachoma sindano, ili kufungua pale palipozibwa. Kisha kuna hesabu ya mambo matano: mti, moto, udongo, metali na maji. Ini linahesabiwa pamoja na mti, moyo na moto, wengu na udongo, mapafu na metali, figo na maji. Jambo moja linalisha lingine, na moja linazuia lingine, kama vile maji yanavyolisha mti na kuzima moto. Mengi ya mawazo hayo yamo katika kitabu cha zaidi ya miaka elfu mbili kinachoitwa Huangdi Neijing, na Li Shizhen alikisoma kama kila mganga wa wakati wake.

Dawa pia zina tabia. Kuna za moto, za vuguvugu, za kupoa na za baridi. Ladha nazo ni tano, yaani chachu, uchungu, utamu, ukali na chumvi, na kila ladha ina kazi yake ndani ya mwili. Sasa kisa cha baba kinaeleweka: kijana ana moto katika mapafu, na huangqin ni chungu na ya baridi, kwa hiyo inashusha moto. Kwa kawaida mganga wa kichina hatoi mmea mmoja peke yake. Anachanganya kadhaa, mmoja ukiwa mkubwa wa kazi, mingine ikiusaidia, mwingine ukipunguza ukali wake, kama vile serikali ilivyo na mfalme na mawaziri wake. Baba alitumia mmoja tu, na kijana hakusahau.

Baada ya kuanguka mara ya tatu, akiwa na miaka 23, Li Shizhen alimwomba baba yake ruhusa ya kuacha mitihani. Baba akakubali. Kuanzia hapo alikaa karibu na meza ya wagonjwa, akijifunza njia nne za kumpima mtu: kumtazama uso na ulimi, kumsikiliza na kumnusa, kumuuliza maswali, na kumshika mapigo ya damu. Njia hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Mganga anaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, mkono wa kulia na wa kushoto, anagandamiza polepole kisha kwa nguvu, na anatafuta kama mapigo yanaelea juu ao yamezama, yanakimbia ao yanachelewa, yanateleza ao yanakwaruza. Mwaka wa 1564 Li Shizhen alimaliza kitabu kidogo juu ya kazi hiyo. Alitaja aina 27 za mapigo, na akaziweka kwa mashairi ili wanafunzi wazishike kichwani. Kitabu hicho kinasomwa mpaka leo katika vyuo vya China.

Sifa zake zilikua. Alimponyesha mtoto wa mwana wa kifalme wa Chu, aliyekaa Wuchang, mji ule ule ambao alikuwa ameangukia mara tatu, na akapewa kazi ya kusimamia waganga wa nyumba hiyo. Kutoka hapo alipendekezwa kwenda Beijing, katika ofisi ya waganga wa mfalme mwenyewe. Kijana aliyeshindwa kupita mlango wa mbele alikuwa ameingia kwa mlango wa dawa. Lakini hakukaa. Kisha muda mfupi, kama mwaka mmoja hivi, aliacha cheo na kurudi Qizhou.

Mfalme wa wakati huo, Jiajing, alijulikana kwa kupenda dawa za kumfanya mtu asife, nyingi zikiwa na zebaki, ile metali ya majimaji ambayo wachimbaji wa dhahabu kwetu wanaijua vizuri. Li Shizhen aliandika waziwazi kwamba zebaki ni sumu, na kwamba watu wasiohesabika waliotafuta uzima wa milele ndani yake waliharibu miili yao ao kupoteza maisha. Kuandika hivyo katika nchi ambayo mfalme mwenyewe alikunywa vitu kama hivyo kulihitaji moyo.

Tayari alikuwa na kazi nyingine kichwani. Aliianza mwaka wa 1552, na ilitokana na hasira ya mtu anayetibu. Waganga wa China walitegemea vitabu vilivyoorodhesha dawa zote, na kile kilichotumika zaidi kilikuwa kimekusanywa karibu miaka 500 mbele yake. Kila kizazi kiliongeza, hakuna aliyefuta. Mmea mmoja ulionekana mara mbili kwa majina mawili. Mimea miwili tofauti ilibeba jina moja. Kulikuwa na mahali ambapo mmea wa kumjenga mgonjwa, huangjing, ulichanganywa na gouwen, ambao majani yake yanaua. Mganga anaandika jina kwenye karatasi, muuza dawa anafungua droo isiyo sahihi, na mgonjwa anakufa bila mtu kujua ni nani wa kulaumiwa. Kosa la mwandishi aliyekufa miaka 300 iliyopita linaendelea kuua.

Alianza kwa kusoma. Kufuatana na maelezo yake mwenyewe alipitia vitabu zaidi ya 800, si vya uganga tu bali pia vya historia, vya mashairi, vya safari na vya kilimo. Kisha akaona kwamba kusoma hakutoshi, sababu vitabu vilinakiliana. Akatoka. Alizunguka katika jimbo lake na majimbo ya jirani, akiuliza wavuvi, wakata kuni, wakulima, wawindaji na wachimba madini. Kwa mtu wa vitabu wa wakati ule, kukaa chini na kumuuliza mkata kuni jina la jani si jambo dogo.

Mfano mzuri ni wa nyoka. Qizhou ilikuwa na nyoka mmoja mwenye maua meupe mgongoni, aliyetafutwa sana kwa kutibu kupooza na maumivu ya viungo, na ambaye alipelekwa mpaka kwa mfalme. Kwenye masoko alikuwa wengi. Mlimani alikuwa adimu. Li Shizhen aliuliza wakamataji, akaeleza namna walivyomtafuta kwenye mimea anayopenda kujificha, walivyomrushia mchanga akabaki amejikunja bila kusogea, na walivyompasua na kumkausha. Akaandika alama zake: nyoka wa kweli ana michoro 24 ya pembe nne mbavuni, na hata akikauka macho yake yanabaki wazi. Kumbe wengi wa wale waliouzwa walikuwa nyoka wa ng'ambo ya mto. Wafanyabiashara waliuza jina la mji wake.

Na kuna kisa cha kakakuona, yule mnyama wa magamba anayejulikana pia kama pangolini. Mwandishi mmoja wa karne nyingi nyuma alikuwa amesema kwamba mnyama huyo anajilaza na kufungua magamba kama aliyekufa, chungu wanaingia, anafunga magamba, anaingia majini, chungu wanaelea na yeye anawala. Hadithi tamu. Li Shizhen alipasua tumbo la kakakuona mmoja aone mwenyewe, na akakuta chungu wa kujaza karibu kipimo kizima cha nafaka. Habari ya kula chungu ilikuwa kweli, na sasa ilikuwa imeonekana kwa macho.

Mara nyingine alijipima yeye mwenyewe. Kuna ua jeupe lenye umbo la tarumbeta, jamaa la yale yanayojulikana kwa kulewesha, na watu walidai kwamba mtu akilikusanya huku anacheka, pombe yake itawachekesha wanywaji. Akilikusanya huku anacheza, watacheza. Li Shizhen alijaribu. Aliandika kwamba ni lazima mtu awe nusu amelewa na awepo mwenzake wa kumwanzishia kicheko ao mchezo, ndipo anafuata. Katika maelezo hayo hayo aliandika pia kwamba dawa ya ua hilo, ikinywewa na pombe, inamfanya mgonjwa asisikie maumivu wakati wa kupasua jipu. Leo tunajua kwamba mimea ya aina hiyo ina sumu kali. Mtu asijaribu nyumbani.

Kazi ilimchukua miaka 27. Aliandika upya mara tatu. Watoto wake walisaidia, wengine kusahihisha, wengine kuchora, na hata wajukuu walinakili. Alipomaliza mwaka wa 1578 kitabu kilikuwa na sehemu 52, dawa 1,892, ambazo 374 hazikuwa zimewahi kuingizwa, na maelekezo zaidi ya 11,000 ya kutengeneza dawa. Alitupa ule mpango wa zamani wa kupanga dawa kwa vyeo, yaani za juu, za katikati na za chini, akazipanga kufuatana na asili yake: maji, moto, udongo, madini, majani, nafaka, mboga, matunda, miti, kisha wadudu, samaki na nyoka, ndege, wanyama, na mwisho mwanadamu. Kwa kila dawa alieleza majina yake yote, mahali inapopatikana, makosa ya waliotangulia, tabia na ladha yake, ugonjwa inaotibu. Hata mahindi yamo, mmea uliokuwa umetoka Amerika na kufika China siku si nyingi.

Tusimfanye malaika. Katika kurasa hizo kuna pia majivu ya nguo za zamani, nywele, vumbi la sehemu mbalimbali za nyumba na mambo ambayo leo hakuna mganga mwenye akili angempa mgonjwa. Alipinga vikali kula nyama ya mtu kama dawa, desturi iliyokuwapo, lakini mengine ya ajabu aliyaacha yapite. Na yin na yang hakuzipima kamwe kama alivyopima tumbo la kakakuona. Kwake zilikuwa ardhi anayokanyaga. Lile pengo kati ya kile alichokiona kwa macho na kile alichopokea kutoka kwa wazee halikumsumbua, ingawa linatusumbua sisi.

Kitabu kikiwa tayari, hakuna aliyetaka kukichapisha. Kilikuwa kikubwa mno, kuchonga mbao zake kungegharimu mali nyingi, na mwandishi alikuwa mganga wa mji mdogo. Mwaka wa 1580, akiwa na miaka zaidi ya 60, alisafiri kwenda Taicang, upande wa pwani, kumwona mwandishi mashuhuri Wang Shizhen na kumwomba maneno ya utangulizi. Majina yao yanafanana, lakini hawakuwa ndugu. Alingoja miaka kumi. Wang aliandika utangulizi huo mwaka wa 1590 tu, na ndipo Hu Chenglong, mchapishaji wa Nanjing, akakubali kuanza. Miaka mitatu baadaye Li Shizhen akafa.

Kitabu kilipotoka mwaka wa 1596, mtoto wake Li Jianyuan alikipeleka kwa mfalme Wanli. Mfalme akakipokea, akaamuru kiwekwe, na mambo yakaishia hapo. Waganga na wachapishaji ndio waliokifanya kiishi. Toleo jingine lilitoka mwaka wa 1603 katika jimbo la Jiangxi, mwaka wa 1607 kilikuwa kimefika Japani mikononi mwa watawala, na mwaka wa 1735 sehemu zake zilisomwa kwa kifaransa mjini Paris. Mwaka wa 2011 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya maandishi yanayohesabiwa kuwa kumbukumbu ya dunia.

Sasa turudi kwenye malaria. Katika karne ya 4 mganga mmoja, Ge Hong, alikuwa ameandika kwamba kwa homa inayokuja na kwenda mtu achukue konzi moja ya mmea unaoitwa qinghao, auloweke katika maji, aukamue na kunywa juisi yote. Li Shizhen aliliweka elekezo hilo katika kitabu chake, chini ya jina la qinghao. Mwaka wa 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria iliua askari wengi kwenye misitu, na dawa za kawaida zilikuwa zimeanza kushindwa. Serikali ya China ilianzisha utafiti wa siri. Mtaalamu mmoja mwanamke, Tu Youyou, alipitia vitabu vya zamani pamoja na wenzake na kupima mimea mingi. Qinghao iliwapa matokeo yasiyosimama: leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Akirudi kwa maneno ya Ge Hong aliona kwamba mzee hakuchemsha mmea, alikamua. Labda moto ndio ulioiharibu dawa. Mwaka wa 1971 walitumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na dawa waliyopata iliua vijidudu vya malaria vyote katika panya. Hapo ndipo ilipotoka artemisinin, na kutoka kwake artesunate na artemether. Tu alipewa tuzo la Nobel mwaka wa 2015. Nchi yetu, ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria nyuma ya Nigeria, ilichukua artesunate pamoja na amodiaquine kuwa matibabu ya kwanza mwaka wa 2005.

Kuna jambo ambalo lingemkera Li Shizhen. Katika kitabu chake alitenganisha mimea miwili, qinghao na mwingine wa maua ya manjano, huanghuahao. Wachunguzi wa leo wanaona kwamba mmea wenye artemisinin ni ule wa maua ya manjano, na kwamba uwezo wa kutibu malaria yeye aliuandika chini ya ule mwingine. Msahihishaji mkubwa wa majina naye alipotea katika majina.

Na wale wanaokunywa chai ya artemisia kwetu wajue hivi: artemisinin haiyeyuki vizuri katika maji, wingi wake unabadilika kutoka shamba moja hadi lingine, na Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo itumiwe kukinga ao kutibu malaria. Dawa pungufu inawaacha vijidudu wenye nguvu hai. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe.

Suala la majina halikuisha na karne ya 16. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Bruxelles, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa mchanganyiko wenye mimea ya kichina. Mmoja wao uliitwa fangji. Kwenye soko la dawa jina hilo lilibebwa na mizizi ya mimea zaidi ya mmoja, na ile iliyoingia kwenye vidonge ilikuwa ya aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa na figo, wengi wakahitaji mashine ao figo ya mtu mwingine, na baadhi wakapata saratani. Mimea ya jamii ya aristolochia ilikuwa imetumika China kwa karne nyingi, na imo katika Bencao Gangmu. Sumu yake inafanya kazi polepole, kwa miezi na miaka, na vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono haviwezi kuisikia.

Upande wa wanyama, magamba ya kakakuona yaliendelea kutafutwa kwa karne nyingi, hasa yakidaiwa kufungua maziwa ya mama anayenyonyesha. Ni magamba ya kitu kile kile kinachofanya kucha zetu. Kakakuona wa Asia walipopungua, macho ya wafanyabiashara yalihamia Afrika, pamoja na misitu ya Kongo, na tangu mwaka wa 2017 biashara ya kimataifa ya aina zote za mnyama huyo imekatazwa. Mwaka wa 2020 China iliondoa magamba hayo katika orodha rasmi ya dawa zake, ingawa yalibaki kutajwa ndani ya baadhi ya michanganyiko iliyotengenezwa viwandani. Katika kitabu cha Li Shizhen ukurasa wa kakakuona bado upo, na ndani yake kile kipimo cha chungu alichokikuta tumboni.